Safari ya mbizi Mafia: tujipangie wenyewe au tumpe wakala?

Swali: Kamwene kaka. Mimi na mume wangu tunaishi Mafinga, tunafanya biashara ya mbao. Mwaka jana nilijifunza kupiga mbizi Nungwi, nikapata kadi yangu ya kuruhusiwa kuzama hadi mita 18. Mume wangu bado, anataka kujifunza safari hii. Tunakusudia kwenda Mafia wiki moja baada ya Krismasi. Wakala mmoja wa Dar ametupa bei ya jumla: ndege, hoteli, mbizi kumi kila mmoja, kila kitu. Nikipiga simu mwenyewe hotelini na kituo cha mbizi, inapungua karibu laki saba. Ndugu wengine wanasema wakala anakula hela bure. Wengine wanasema ukijipangia ukakwama, hakuna wa kukunasua. Nakutumia ratiba yake uione. Halafu mume wangu alikuwa na pumu utotoni, sijui kama ni shida.

Jibu: Kamwene dada. Umefanya vema kunitumia ratiba, maana bila hiyo ningekujibu kwa nadharia. Nimeisoma mara mbili. Kwa safari hii, ya kisiwa kimoja na hoteli moja, jipangieni wenyewe, laki saba ibaki kwenu. Lakini sababu yangu si hiyo laki saba. Ratiba hii ina kosa linaloweza kumuumiza mtu, na mkijipangia bila kulijua mtalirudia lilelile kwa mikono yenu. Kwa hiyo bei isubiri kidogo.

Tazama siku ya mwisho alivyoiandika: mbizi ya asubuhi, mnatoka majini saa 5; ndege ya Mafia kwenda Dar saa 9 alasiri; basi la usiku kutoka kituo cha Mbezi, Dar, saa 2, mnaamkia Mafinga. Kwa mtu wa Dar ratiba hii inapendeza, hakuna saa iliyopotea. Kwa mtu wa Mafinga ni hatari, na hatari hiyo inakuja mara mbili.

Ukiwa chini ya maji unavuta hewa ya mtungi kwa mgandamizo mkubwa, na nitrojeni iliyomo kwenye hewa hiyo inayeyuka na kuingia kwenye damu na nyama za mwili. Ukitoka haiishi papo hapo. Inatoka polepole kwa mapafu, kwa saa nyingi. Ukipanda juu angani kabla haijatoka, mgandamizo wa nje unapungua na nitrojeni iliyobaki inaweza kutengeneza mapovu kwenye viungo, kwenye neva, hata kwenye uti wa mgongo. Ndiyo maana wazamiaji wana kanuni ya kusubiri kabla ya kupanda ndege: angalau saa 12 kama ulizama mara moja tu, angalau saa 18 kama ulizama mara nyingi au siku kadhaa mfululizo. Wengi tunafundisha saa 24, tusibishane na dakika. Wakala wako amewapa saa 4. Na zile ndege ndogo za Mafia nyingi hazina mgandamizo wa ndani: ikiruka mita 2,000, na wewe uko mita 2,000.

Hatari ya pili ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu wanaouza safari hizi karibu wote wako pwani na haiwajii kichwani. Mafinga iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Iringa mjini ni zaidi ya 1,500, huku kwangu Mbeya ni karibu 1,700. Kanuni ya kusubiri inahusu mwinuko wa kuanzia mita 600 hivi na kuendelea, na mwili hauulizi kama umepandishwa na ndege, basi au treni ya TAZARA. Ukinunua pakiti ya krips Mbezi, iangalie tena mkimaliza kupanda mlima wa Kitonga na kufika Ilula: imevimba kama puto, ukiifinya inalia. Hakuna aliyeongeza kitu ndani. Hewa ya nje imepungua nguvu kwa karibu moja ya sita. Sasa fikiria viungo vyako. Kwa ratiba hii mngeanza kupanda Kitonga kama saa 9 usiku, saa 16 tu tangu mtoke majini, tena baada ya ndege ambayo hamkupaswa kuipanda.

Hili silisemi kwa kusoma tu. Nimefundisha mbizi pwani miaka tisa, na bado mwaka 2016 nilijifanyia kosa hilo mwenyewe, nyumbani, Ziwa Nyasa. Tulikuwa watatu, na mitungi tumeibeba kwenye gari. Tukazama Matema mara mbili asubuhi kutazama wale samaki wadogo wa rangi wanaokaa kwenye mawe, tukala, saa 8 mchana tukaondoka. Ziwa liko kama mita 475 tu juu ya bahari. Barabara ya Tukuyu kuja Mbeya inapita zaidi ya mita 2,000 pale Isongole. Tulipopita Kiwira kiwiko cha kushoto kikaanza kuuma, maumivu ya ndani, kama jino. Nikajiambia ni mitungi niliyobeba. Isongole nilishindwa kushika chupa ya maji. Ndipo nikaelewa, na nilipoelewa niliona aibu kuliko maumivu. Hospitali nilikopelekwa ilibidi nimweleze daktari mwenyewe kwamba nilikuwa nimezama na mtungi, akaniweka kwenye oksijeni mpaka usiku. Nilipona kwa bahati. Wapo waliobaki na ganzi ya miguu. Safari ile niliipanga mwenyewe hatua kwa hatua, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza: mtarudi saa ngapi, na kwa njia ipi?

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei, pangeni siku ya mwisho kwanza, kisha mrudi nyuma mpaka siku ya kwanza. Mbizi ya mwisho iishe mchana, na siku inayofuata yote iwe kavu. Wala haitakuwa siku ya kukaa bure. Mafia kuanzia Oktoba hadi Februari kuna potwe, yule papa mkubwa kuliko samaki wote duniani, asiyemdhuru mtu, anayekuja karibu na mji wa Kilindoni kula vidudu vinavyoelea juu ya maji. Potwe huogelewa naye kwa miwani na bomba la kupumulia, juujuu, bila mtungi, kwa hiyo mwili hauongezi nitrojeni ya maana, mradi msianze kuzama kumfuata chini. Wakala amemweka potwe siku ya pili na mbizi siku ya mwisho. Geuzeni tu. Mkitoka kwa potwe, jioni vukeni kwenda kisiwa cha Chole mkaone popo wakubwa na magofu. Kesho yake panda ndege asubuhi, na basi la usiku halina neno tena: zaidi ya saa 40 zimepita.

Na mkienda, msiunganishe basi na ndege siku moja. Wewe wa Mafinga unaijua Kitonga. Lori moja likilala barabarani, foleni ni ya nusu siku. Laleni Dar usiku mmoja. Gharama ya chumba cha kawaida ni ndogo kuliko tiketi mbili zilizopotea.

Sasa mume wako. Ratiba inasema mbizi kumi kila mmoja. Shemeji hana kadi. Kozi ya kwanza ina mbizi nne tu za baharini, pamoja na mazoezi ya maji ya kina kifupi na masomo ya darasani, na kwa kawaida inachukua siku tatu hadi nne. Ukitoa siku ya kufika, siku kavu na siku ya kuondoka, mbizi zake kumi hazitoshi kwenye wiki hii labda azamishwe kama gunia. Kwenye bei sioni kozi, sioni ada ya cheti, naona mbizi kumi mara mbili. Maana yake wakala hakuuliza nani ana kadi na nani hana, na hilo ni swali la kwanza kabisa la mtu anayeuza mbizi. Hapo ndipo nilipojua anauza hoteli na ndege. Mbizi ameibandika tu.

Ukipiga simu kituoni moja kwa moja, unaongea na mtu atakayekuwa nanyi kwenye boti. Mwambie: mimi nina kadi ya mita 18, sijazama tangu mwaka jana, mume wangu anaanza kabisa. Kituo kizuri kitakuambia wewe uanze na mbizi nyepesi ya kujikumbusha ndani ya ghuba ya Chole, na shemeji asome nadharia mtandaoni akiwa bado Mafinga ili asimalizie likizo darasani. Muulize pia kuhusu maji ya wiki hiyo. Pale Kinasi, mlango wa kutokea ghubani kwenda bahari kuu, maji huingia na kutoka kwa nguvu sana siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu. Siku za maji mafu yanatulia, na kwa nyie wageni wa mbizi hizo ndizo siku zenyewe. Kama tarehe zenu zinaweza kusogea siku tatu au nne, tazama kalenda ya mwezi kwanza halafu ndiyo ukate tiketi. Desemba ni wakati wa upepo wa kaskazi, kwa hiyo hata miamba ya nje ya ghuba hufikika. Kusi ikivuma hali huwa nyingine.

Mpime anavyokujibu. Muulize baada ya mbizi ya mwisho msubiri muda gani kabla ya kupanda Kitonga. Akikaa kimya kidogo kisha akauliza Kitonga iko juu kiasi gani, huyo ni mtu wako. Akisema "hakuna shida, basi si ndege", tafuta kituo kingine. Uliza kama boti ina oksijeni, na kama chumba cha mgandamizo kilicho karibu, cha kumtibu mtu aliyepata mapovu ya nitrojeni, kinafanya kazi na mgonjwa hufikishwaje. Haya ni maswali ya kawaida, mwalimu wa kweli hayamkwazi.

Kuhusu hela: laki saba uliyoiona sidhani kama yote ni faida ya wakala. Hoteli nyingi humwachia wakala punguzo, na yeye huishi kwa punguzo hilo, hivyo mara nyingi bei yake na ya kwako ukipiga simu hazipishani sana. Nimekaa nyuma ya meza ya ofisi ya safari hapa Mbeya miaka minne baada ya kuacha kufundisha, naijua hesabu hiyo. Tofauti yenu inatoka kwingine. Amewapigia bei ya wageni. Ada ya kuingia Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ameiweka kwa dola, zaidi ya 20 kwa kila mtu kwa siku, ambayo ni ada ya mgeni kutoka nje. Raia hulipa kiasi kidogo sana ukilinganisha. Zidisha hiyo kwa watu wawili, siku saba, utaona laki saba ilikokwenda. Hoteli nazo nyingi zina bei ya raia na mkazi ila hazikuambii mpaka uulize. Beba kitambulisho cha NIDA, na unapopiga simu taja tangu mwanzo kwamba mnatoka Mafinga.

Ukishapata bei yako, ipime kwa mbizi, usiipime kwa siku. Kuna kituo kinaita "siku moja ya mbizi" mbizi moja na kingine mbili. Uliza kama vifaa vimo, kama boti ya miamba ya mbali inaongezewa pesa, kama gari kutoka uwanja wa ndege wa Kilindoni hadi Utende, kijiji chenye hoteli na vituo vya mbizi, limo. Ndege ndogo mara nyingi zinaruhusu kilo 15 tu kwa mtu, tena mfuko laini, kwa hiyo msinunue mapezi na majaketi sasa. Kodini huko. Miwani tu ndiyo uwe nayo yako, iliyojaribiwa usoni.

Msitume hela yote kwa mara moja. Malipo ya awali yaende kwenye akaunti au lipa namba yenye jina la hoteli au kituo. Ukiletewa namba ya simu yenye jina la mtu binafsi, simama. Dai risiti ya EFD. Na kabla ya kutuma, pata kwa maandishi, hata kwa WhatsApp inatosha, wanarudisha kiasi gani mkiahirisha, na inakuwaje bahari ikichafuka boti isitoke. Mbizi iliyoshindikana kwa upepo irudishiwe hela au isogezwe siku nyingine. Hilo likubaliwe mapema, mkishafika hamna nguvu tena.

Sitaki udhani nawakataa mawakala. Kuna safari ambayo nisingeenda bila wakala. Kama mwakani mtataka Bahari ya Shamu kule Misri, kulala wiki melini na kuzama mara tatu kwa siku, hapo kuna ndege tatu, viza, bandari, na meli inayoondoka siku moja kwa wiki isiyosubiri mtu. Ndege ya kwanza ikichelewa uwanja wa Songwe, Mbeya, kila kilichofuata kinaanguka. Ukiwa umenunua kila kipande kwako, kila mmoja atakuambia kosa ni la mwenzake. Ukiwa umenunua kifurushi kimoja kwa mkataba mmoja, kazi ya kuunganisha ni ya aliyekuuzia, na ndicho unachomlipia. Vivyo hivyo mkienda kikundi cha watu kumi, wengine wana kadi, wengine watoto, wengine wanataka kukaa ufukweni tu. Tafuta wakala aliyewahi kuvaa mtungi. Wa bara awe na leseni ya utalii ya Wizara ya Maliasili na Utalii, ile tunayoiita TALA. Kwa upande wa Zanzibar uliza usajili wa Kamisheni ya Utalii. Leseni iwe ya mwaka huu, na jina lililo juu yake liwe sawa na jina la akaunti.

Kifurushi nacho hakikingi kila kitu. Septemba 2019 kampuni kubwa ya Uingereza, Thomas Cook, ilianguka usiku mmoja ikiwa na Waingereza kama 150,000 nje ya nchi. Walirudishwa kwao na serikali yao, na kule kuna mpango wa kisheria unaoitwa ATOL unaolinda hela za abiria walionunua vifurushi. Mpango huo haumfuati mtu aliyenunua safari Dar au Mbeya. Ulinzi wako hapa ni maandishi uliyosaini, na ukubwa wa malipo ya awali uliyotoa.

Bima ya mbizi kata, hata mkijipangia wenyewe. Mashirika kama DAN, lililoanza Marekani mwaka 1980, yanauza bima ya wazamiaji na yana daktari wa kupigiwa simu saa yoyote. Bima ya kawaida ya safari nyingi huiacha mbizi nje, soma maandishi madogo. Na mkirudi Mafinga mmoja wenu akapata maumivu ya kiungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida ndani ya siku mbili, nendeni hospitali na mseme neno kwa neno: tumezama baharini na mitungi juzi. Huku juu daktari hatalifikiria bila kuambiwa.

La pumu nimeliacha mwisho ila lifanye kwanza, kabla ya kutuma hata shilingi. Kabla ya kozi shemeji atapewa fomu ya afya. Swali la pumu limo. Akijibu ndiyo bila barua ya daktari, mwalimu mwaminifu hatamwingiza majini, na atakuwa amesafiri kilomita mamia kuja kukaa botini akikutazama wewe. Akijibu hapana ili apite, anachezea mapafu yake: njia za hewa zikibana wakati anapanda juu, hewa inanaswa ndani ya pafu na inatanuka. Pumu ya utotoni iliyokwisha miaka mingi si lazima imzuie. Pakueni fomu hiyo mtandaoni, mwende nayo Iringa au Mbeya kwa daktari anayeweza kumpima pumzi kwa mashine, apimwe akiwa amepumzika na tena baada ya kukimbia. Daktari akisaini, mpigie simu mtu wa kituo siku hiyohiyo. Asiposaini, wewe uzame asubuhi, na mchana mwende wote kwa potwe. Kwa miwani na bomba ataogelea juujuu, mradi daktari aseme kuogelea hakumsumbui. Ukipata majibu yake niandikie, na tarehe za bamvua tutaziangalia pamoja.